Ulizeni Fundi: Usiombe "haidroliki" dukani, omba oili ya giaboksi kwa jina lake

Habari zenu wasomaji wa huku kanda ya ziwa na kwingineko. Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba otomatiki nyingi za zamani zinazosemwa zimekufa giaboksi ziliuliwa na oili, basi meseji zikaanza kuingia siku hiyohiyo na hazijakata mpaka leo. Kwaiyo safu nzima leo nimeiachia mada hiyo. Majina ya walioandika sijaweka, nimeacha mtaa au mji tu.

SWALI, kutoka Nyegezi

Fundi shikamoo. Mi nina Corolla ya 1998 otomatiki, nimenunua mwaka jana kwa mwalimu mmoja alikuwa anahama. Asubuhi nikiweka D inakaa sekunde tatu nne haijashika ndo inastuka inaondoka, na ikishapata moto nikiwa napanda mlima wa Bugando ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inanguruma kwanza afu inapiga teke. Fundi wangu kasema oili imechoka tumwage. Nimeenda maduka matatu mjini, wa kwanza ana haidroliki nyekundu ya kupima kwenye dramu anasema wote wanatumia hiyo, wa pili kasema chukua T-IV ndo ya Toyota, wa tatu kasema hizo zimepitwa na wakati chukua WS ndo mpya na nzuri zaidi. Bei zimepishana mno. Kwenye dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili, nimeona wameandika DEXRON II na hiyo hakuna duka linayo. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikupongeze, umefanya kitu ambacho wateja wangu wengi hawajafanya hata siku moja, umechomoa dipstiki ukaisoma. Jibu lako liko hapohapo. Giaboksi yako inataka Dexron, basi tafuta Dexron III, hiyo ndo ilikuja kuchukua nafasi ya II na inakubalika palipoandikwa II. WS hapana, na T-IV nayo ni ya Toyota kweli lakini ni ya giaboksi nyingine za Toyota, sio hiyo yako.

Sasa nikueleze kwa nini, maana ukishaelewa sababu hakuna muuza duka atakayekuyumbisha tena.

Oili ya otomatiki haina kazi moja. Mbele ya giaboksi kuna pampu inayozungushwa na injini, inaisukuma oili kwa presha na presha hiyo ndo inabana klachi, yaani oili yenyewe ndo mkono unaobadili gia. Inapooza pia, inalainisha pia, hayo watu wanayajua. Kazi wasiyoijua ni hii: klachi za mle ndani zinaogelea kwenye oili muda wote na zinatakiwa zishikane zikiwa zimelowa hivyohivyo. Aliyewahi kutengeneza kambale atanielewa haraka. Kambale ukimshika mkono mtupu anakuponyoka, ukipaka majivu anashikika. Ndani ya oili kuna dawa zinazofanya kazi kama hayo majivu, ndo zinaamua klachi ishike kwa haraka kiasi gani na kwa ulaini gani, na kila kiwanda kimezipanga kufuatana na klachi zake. Ikishika ghafla mno unasikia teke. Ikiteleza muda mrefu kabla ya kushika, karatasi iliyobandikwa juu ya klachi inaungua, na ikishaungua hakuna oili ya kuirudisha.

Kwaiyo rangi hapo haikuambii kitu. Wekundu ni rangi tu wametia ili ukiona tone chini ya gari ujue limetoka giaboksi na sio kwenye injini. Dexron III nyekundu, T-IV nyekundu, WS nyekundu, na ile ya kwenye dramu nayo nyekundu.

Afu kuna uzito, sio wa kilo, ni ule wa oili kutiririka taratibu au haraka, namba ikiwa ndogo oili ni nyepesi. Ikiwa na moto wa nyuzi 100 Dexron III uzito wake unapimwa 7 na nusu hivi, T-IV karibu na 7, WS inashuka mpaka kama 5 na nusu. Huyo muuza duka wa tatu hakudanganya aliposema WS ni mpya, imekuja miaka ya mwanzoni ya 2000, na ni oili nzuri sana kwenye giaboksi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ila upya wake haukusaidii wewe. Gari yako ina zaidi ya miaka 25, sili za mpira mle ndani zimekakamaa, nafasi kati ya vyuma imeongezeka, ukiweka oili nyepesi inapenya pembeni, presha inashuka na klachi inabanwa nusunusu. Hilo teke unalolalamikia leo litaongezeka.

Nikuambie na kuhusu hilo jina la Dexron, maana litakuchanganya ukifika dukani. Ni jina la General Motors wa Marekani. Walianza na oili waliyoiita Type A mwaka 1949, Dexron ikafuata miaka ya 60 mwishoni, Dexron II ikaja miaka ya 70, ya III ikaja miaka ya 90, na sasa wao wenyewe wako kwenye VI. Leseni za Dexron III walizisimamisha mwisho wa mwaka 2006. Maana yake kopo lolote la Dexron III unaloliona leo General Motors hawalikagui, ni kampuni iliyoitengeneza ndo inakupa neno lake. Ndo maana nasisitiza ununue kopo la kampuni inayojulikana, lililofungwa, lina namba ya toleo lililopigwa chapa, na nyuma kuna orodha ya viwango linavyofikia. Likiwa limeandikwa tu "ATF ya magari yote" (ATF ndo oili ya giaboksi otomatiki) bila kutaja hata kiwango kimoja, liache hapohapo.

Na la kwenye dramu, hapo naomba unisikilize vizuri.

Tatizo letu kubwa huku ni hilo neno haidroliki. Oili ya giaboksi tunaiita haidroliki, ya pawa stelingi haidroliki, ya kunyanyulia bodi la tipa haidroliki, ya kijiko kinachochimba barabara haidroliki. Mtu anafika kaunta anasema nipe haidroliki lita nne, muuzaji anampimia aliyonayo, wala hamna aliyemdanganya mwenzake hapo, neno ndo limewapoteza wote wawili. Mwaka 2011 nililetewa Caldina na mzee mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, gari inabeba magunia kila siku, akaja na oili yake kwenye dumu ameshanunua tayari, nyekundu safi kabisa, mi nikaimwaga ya zamani nikaweka hiyo bila kuuliza kopo lake liko wapi. Haikufika wiki mbili gari ikarudi imefungwa kamba. Tulipoifungua karatasi za klachi zilikuwa zimebanduka zinaelea kama majani ya chai. Nikaenda mwenyewe kwenye duka alilonunua nikaomba kuona dramu, kumbe ni oili ya mashine za kunyanyua, imetiwa wekundu. Mzee akanunua giaboksi ya mtumba, kazi nikafanya bure, na ilimuuma kwasababu ulikuwa msimu wa dagaa mzuri. Tangu siku hiyo kwangu haiingii oili ambayo sijaona kopo lake, hata aje ndugu yangu wa damu.

Kwaiyo ukifika kaunta usitamke haidroliki kabisa. Sema "nataka Dexron III ya giaboksi otomatiki, kopo lililofungwa". Akikuletea kitu kingine mwoneshe picha ya dipstiki yako, uipige leo kwa simu ukae nayo.

Sasa kabla hujatoa hela, pima kwanza kiwango. Hizo sekunde tatu nne za asubuhi mara nyingi ni oili pungufu, au filta imeziba, au sili za ndani zimechoka, na la kwanza ndo rahisi kuliko yote. Toyota kama yako inapimwa injini ikiwa inawaka, sio imezimwa, hapo wengi wanakosea. Endesha kama dakika 20 ipate moto, simama sehemu ya bapa (najua kwa Mwanza hii ya mawe na miinuko kutafuta bapa ni kazi, nenda hata uwanja wa petroli stesheni), vuta handibreki, mguu kwenye breki, pitisha gia zote kuanzia P mpaka L taratibu urudi P, iache inaunguruma. Chomoa dipstiki, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha, chomoa tena, usome upande ulioandikwa HOT. Ikiwa katikati ya alama mbili za HOT iko sawa. Usizidishe eti ili ishibe. Ikizidi zile gia zinazozunguka zinaipiga mpaka inafanya povu, na povu lina hewa, pampu haiwezi kujenga presha ya hewa, unapata ugonjwa uleule wa oili pungufu.

Ukishapima inuse na uiangalie kwenye tishu nyeupe. Ikiwa nyekundu iliyofifia kwenda kahawia, mwaga, itakusaidia. Ikiwa nyeusi ina harufu ya kuungua, ile ya ugali ulioshika chini ya sufuria, hapo klachi zimeshaanza kuondoka na nakuambia ukweli oili mpya inaweza isibadilishe kitu. Watu wanasema "nilimwaga oili giaboksi ikafa". Mara nyingi hiyo giaboksi ilikuwa inakufa tayari, mwenyewe kaja gereji kwasababu imeanza kuteleza, akamwagiwa, wiki ya pili ikasimama, lawama ikaenda kwenye oili.

Kumwaga kwenyewe, fundi wako ajue kwamba ukifungua nati ya chini haitoki yote. Gari ya saizi hiyo giaboksi nzima inabeba lita 6 na kitu mpaka 7, zinazotoka ni kama 3, nyingine zinabaki kwenye konvata, lile bakuli kubwa kati ya injini na giaboksi. Kwaiyo ukimwaga mara moja umebadilisha asilimia 40 na kitu tu. Mi nafanya hivi kwa gari za zamani: namwaga, naweka, mteja anaendesha wiki moja au mbili, anarudi tunarudia, na mara ya tatu. Mara ya pili unafika asilimia 67, ya tatu umepita 80, na giaboksi inazoea polepole. Zile mashine za kusukuma oili yote itoke kwa presha kwa wakati mmoja sizitaki kwenye gari ambayo sijui historia yake, zinaweza kubandua uchafu uliokaa miaka ukaenda kuziba vitundu vya vavu.

Na kinachotoka kipimwe! Pokea kwenye beseni safi, iache ipoe, mimina kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, uhesabu. Zikitoka chupa mbili, zinarudi chupa mbili, afu unamalizia kwa dipstiki ikiwa ya moto. Usikubali "weka lita nne, gari zote zinaingia nne".

Mkifungua sampo, lile bakuli la chini linalokaa oili, mle ndani kuna sumaku ndogo. Ikiwa na tope la kijivu laini kama poda hilo ni la kawaida, lisikutishe, futa urudishe. Ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha, funga, usipoteze hela ya oili, anza kuulizia giaboksi. Chujio la Toyota nyingi za wakati huo ni la wavu, linaoshwa kwa petroli safi na kupulizwa. Gasketi ya sampo nunua mpya na fundi asikaze nati kwa hasira, ni nati ndogo za spana namba 10 tu, akikaza sana sampo inapinda na itavuja maisha yake yote.

Fanya hivyo afu uniandikie baada ya kumwaga mara ya pili, nataka kujua hilo teke la Bugando limefikia wapi.

SWALI, kutoka Nansio, Ukerewe

Fundi mwangaluka. Mi ni nesi, nina IST ya 2004, dipstiki imeandikwa T-IV. Huku kisiwani nimeambiwa kuna WS tu, na muuzaji anasema WS na T-IV ni mtu na mdogo wake, zinachanganyika. Na kuna jirani kaniambia IST zinatumia oili ya CVT. Nani mkweli?

JIBU

Mwangaluka dada yangu. Dipstiki ndo mkweli, hao wengine wote waache.

WS sio mbadala wa T-IV, Toyota wenyewe walishatoa maelezo kwamba hazichanganywi. T-IV ndo ilimeza zile za nyuma yake, T-II na T-III, kwaiyo mwenye gari iliyoandikwa T-II au T-III anaweka T-IV bila wasiwasi. Udugu wao unaishia hapo. Muombe mtu anayevuka kuja Mwanza akuletee kopo, meli ipo na kivuko kipo, gari haitaharibika kwa kusubiri siku tatu ila inaweza kuharibika kwa kuwekewa isiyo yake.

Habari ya CVT jirani yako hajatunga, kachanganya miaka. IST za kwanza, za 2002 mpaka 2007, ni otomatiki ya gia nne ya kawaida. Nyingi za baada ya hapo ndo zikaja na CVT. Gari hizi zinafanana majina ila chini ni vitu viwili tofauti, na hapo ndo makosa mabaya kuliko yote yanatokea. CVT haina gia, ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mkanda huo unategemea oili inayoshika. Ukiweka ATF ya kawaida mkanda unateleza, unachuna puli, na puli zikishachunwa basi.

Namna ya kuhakikisha kwa Toyota, fungua boneti au mlango wa dereva utafute kile kibati chenye namba ya chesisi. Kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE. Soma herufi ya kwanza ya namba ya giaboksi. Ikianza na A au U ni otomatiki ya gia, ya kwako nategemea utakuta U340. Ikianza na K, mfano K210 au K310, hiyo ni CVT na inataka oili ya CVT iliyotajwa kwa ajili yake. Na kile kitabu cha Kijapani kilichokuja na gari, ambacho wengi wanakitupa au watoto wanachorea, kitunze. Hujui Kijapani, mi pia sijui, lakini kule nyuma kwenye kurasa za vipimo herufi za T-IV, D-II (ndo Dexron II) au WS zimeandikwa kwa herufi hizihizi zetu, unazitafuta kwa macho tu.

SWALI, kutoka Igoma

Kaka nina Nissan AD Van ya 2001 naitumia kwa biashara ya mikate. Oili ya Nissan Matic D sijaiona dukani. Nimekwama?

JIBU

Hujakwama. Matic D imekaa kwenye familia ya Dexron, Nissan wenyewe kwenye vitabu vyao wanaruhusu Dexron III badala yake. Weka hiyo. Ila usije ukamwambia na jirani mwenye X-Trail ya 2008 aweke hiyohiyo kwa kuwa nayo ni Nissan, hiyo yake ikiwa ni CVT inataka oili ya CVT inayoitwa NS-2, ni dunia nyingine kabisa.

Na kwa kuwa nimeulizwa pia na mtu wa Shinyanga kuhusu Honda CR-V ya zamani, namjibu hapahapa: Honda walikuwa na oili inaitwa Z1, ikaondolewa ikaja DW-1, hiyo ndo unaweka, na Honda haipimwi kama Toyota. Unaipasha moto, unazima injini, afu unapima ndani ya dakika moja na nusu.

SWALI, kutoka Musoma

Fundi nilibadilisha rejeta wiki tatu zilizopita nikaweka ya mtumba. Juzi nimechomoa dipstiki ya giaboksi oili imekuwa ya pinki nzito kama maziwa yaliyotiwa rangi. Bado gari inatembea vizuri. Niendelee mpaka mwisho wa mwezi nipate mshahara?

JIBU

Hapana ndugu yangu, nakuomba usiiwashe tena hata kuitoa getini. Hiyo sio oili imechoka, hayo ni maji. Chini ya rejeta ya gari otomatiki kuna kibomba cha kupoozea oili ya giaboksi, kimezungukwa na maji ya rejeta pande zote. Kikitoboka maji yanaingia kwenye oili na oili inaingia kwenye maji, fungua mfuniko wa rejeta utakuta utando wa mafuta juu. Karatasi za klachi zimebandikwa kwa gundi, na maji yanakaa kwenye karatasi yanailegeza ile gundi. Kila kilomita unayotembea unabandua.

Rejeta itoke, uweke nyingine iliyopimwa presha upande wa maji na upande wa oili pia, mipira ya oili ipulizwe, giaboksi imwagwe na kujazwa mara tatu nne mfululizo mpaka itoke nyekundu inayopitisha mwanga. Hapa ndo mahali pekee sikushauri kuvuta siku kati ya kumwaga na kumwaga. Ukiwahi kuna uwezekano ikapona. Kama mshahara ni mwisho wa mwezi, gari ilale mpaka mwisho wa mwezi, panda daladala. Na asije mtu akakuvuta kwa kamba kwenda gereji magurudumu yote yako chini, pampu ya giaboksi inazunguka injini ikiwaka tu, ukivutwa injini imezima vyuma vinazunguka vikavu. Magurudumu yanayosukuma gari, kwa nyingi ni ya mbele, yanyanyuliwe juu.

SWALI, kutoka Buhongwa

Kuna dawa inauzwa kwenye kichupa unamimina kwenye giaboksi eti inaziba uvujaji na kuondoa mateke. Inafaa?

JIBU

Baadhi zinalainisha sili na kuzifanya zivimbe kidogo, uvujaji unapungua kwa muda. Mi siweki. Nimeshakueleza hapo juu kwamba oili imepangwa dawa zake kwa kipimo, ukiongeza zako umevuruga kile ulicholipia. Sili ya mhimili inayovuja inabadilishwa, kipuri chenyewe ni cha bei ya kawaida.

SWALI, kutoka Mabatini

Mjomba mi napenda kujifanyia mwenyewe, nimefuata maelezo yako ya siku za nyuma nimemwaga oili ya giaboksi vizuri tu. Sasa nina dumu la lita tano la oili chafu liko mlangoni wiki ya pili. Watu wananiambia mwaga mtaroni mvua itabeba. Mi roho inasita. Nifanye nini?

JIBU

Roho yako inakuambia kweli mpwa wangu, iheshimu. Hapo Mabatini mtaro wowote unaishia mto Mirongo, Mirongo unapita katikati ya mji unaingia ziwani, na ziwani ndo tunakovuta maji ya kunywa, chanzo cha Capri Point kile pale, na cha Butimba. Sato na sangara tunaokula wako humohumo. Oili ya giaboksi iliyotumika ina chembe za vyuma na dawa zote zile nilizozisema, haiozi kama maganda ya ndizi, inatanda juu ya maji na kushika kwenye matete ambako samaki wanazalia. Nimekulia ufukweni Igombe, nimeona maji yakibadilika rangi ya upinde wa mvua karibu na sehemu za kuoshea magari, na inaniuma kila nikiona.

Usiichome pia, na usipake kwenye mbao za banda la kuku au uzio wa bustani ya mchicha, najua watu wanafanya hivyo kwa ajili ya mchwa lakini inashuka kwenye udongo wa chakula chako.

Funga dumu vizuri, liandike OILI CHAFU watoto wasije wakadhani ni juisi, maana wekundu ule unawavutia. Afu lipeleke gereji yoyote kubwa inayokusanya, mimi kwangu Nyakato nina dramu mbili nyuma ya banda, moja ya injini moja ya giaboksi, kuna wanunuzi wanapita kuzichukua na hiyo ya kwako nitaipokea bure. Njoo asubuhi kabla ya saa mbili, baadae foleni ya magari inakuwa ndefu. Na hizo chupa ulizopimia usirudishe jikoni.